Diski pacha si bakapu, matajiri wa Kariakoo

Wauza kompyuta wa Kariakoo, tuelewane jambo moja: diski mbili zilizopachikwa ndani ya seva moja si bakapu. Ziwe mpya au mtumba wa Ulaya, ziwe na waranti ya mwaka mmoja au mitatu, bado si bakapu. Kila mnapomwambia mteja "hii ina bakapu humohumo ndani, tajiri, wewe lala usingizi", mnamuuzia mbuzi kwenye gunia.

Nasema hivi kwa sababu riziki yangu inapatikana siku gunia hilo linapofunguliwa. Nina chumba ghorofa ya pili Mtaa wa Aggrey, na kazi yangu ni kutoa data kwenye diski zilizokufa au zilizovurugwa. Wanaopanda ngazi kuja kwangu si benki wala kampuni za simu; hao wana mafundi wao na vyumba vyao vya baridi. Wangu ni mwenye stoo ya vitenge Mtaa wa Congo, muuza vipuri vya pikipiki wa Gerezani, mwenye duka la dawa la jumla, mama mwenye fremu tatu za vyombo vya nyumbani. Kila mmoja ana sanduku jeusi chini ya kaunta, limebanwa na maboksi ya mzigo, na ndani yake mna stoki, bei za kununulia, madeni ya wateja wa mikoani na mishahara ya vijana. Siku likigoma wanalibeba hadi kwangu, na karibu wote wanaanza na swali moja: "Dada, mbona niliambiwa ina bakapu?"

Kwetu bakapu imekuwa kapu. UPS ni bakapu. Jenereta ni bakapu. Fulashi iliyofungwa kwenye ufunguo wa duka ni bakapu. Diski ya pili ndani ya seva ni bakapu. Hata kijana wa dukani anayejua nenosiri la tajiri nimemsikia akiitwa bakapu. Vyote vina faida, ila kila kimoja kinakinga balaa lake. UPS inakukinga na umeme kukatika ghafla. Diski ya pili inakukinga na kifo cha diski ya kwanza. Nakala ya vitabu vya hesabu iliyoko nyumbani Mbagala inakukinga na moto, mwizi na kidole kilichobonyeza pasipofaa. Muuzaji akitumia neno moja kwa vyote vitatu, mteja analipia kimoja akiamini amepata vyote.

Tuanze na hiyo diski ya pili, maana ndiyo inayouzwa zaidi. Mafundi tunaiita reidi 1. Mimi kwa wateja wangu nasema diski pacha. Chukulia una makarani wawili mezani na kila unachotamka wanaandika wote wawili. Mmoja akiugua, daftari la mwenzake limekamilika na duka halifungwi. Lakini ukitamka "futa ukurasa huo", wanafuta wote wawili, tena kwa wakati uleule. Ndivyo diski pacha zilivyo. Mfanyakazi akifuta orodha ya madeni kwa makusudi au kwa bahati mbaya, imefutika kote. Kirusi cha wale wanaofunga faili na kudai pesa kikiingia, kimefunga kote. Mwizi akiibeba seva, kazibeba zote mbili. Pacha wanakuokoa na jambo moja tu, nalo ni diski kufa. Ni jambo kubwa, kwa sababu diski zinakufa, na katika joto na vumbi la Kariakoo hazichelewi. Ila ni hilo moja.

Walioleta jina la reidi hawakutudanganya. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa makala wakipendekeza kwamba badala ya kununua diski moja kubwa ya bei mbaya, kama zile zilizofungwa kwenye kompyuta kubwa za IBM, mtu apange diski nyingi ndogo za bei nafuu zifanye kazi kwa pamoja. Hesabu yao ilikuwa ya kiduka kabisa. Diski nyingi zinaleta kasi kwa pesa kidogo, lakini ukiwa na diski mia, uwezekano wa mojawapo kufa wiki hii ni mkubwa kuliko ukiwa na moja. Kwa hiyo lazima ziwepo diski za ziada za kufidia inayokufa. Ndani ya jina RAID, ndilo hilo tunalolitamka reidi, herufi ya I ilisimama kwa "bei nafuu". Kampuni zilipolichukua na kuanza kuuza, zikaigeuza kuwa "zinazojitegemea", maana ni nani atoze mamilioni kwa kitu kinachojitangaza kuwa nafuu? Waliyokuwa wanahangaika nayo wataalamu wale watatu ni kasi na vifo vya diski. Habari za moto, wizi na kufuta faili waliziachia wengine.

Namba zinazofuata neno reidi ndizo zinazompoteza mteja, na ndizo anazopaswa kuambiwa kwa lugha anayoielewa kabla hajatoa hela. Chukua seva yenye diski nne, kila moja ya terabaiti 4. Ukizipanga kwa reidi 0 unapata terabaiti 16 zote na kinga yoyote huna: diski moja ikifa, umepoteza kila kitu, hata kilichokuwa kwenye zile tatu nzima. Ukizipanga pacha mbilimbili, yaani reidi 10, unabaki na 8. Reidi 5 inakupa 12 na inavumilia kifo cha diski moja. Reidi 6 inakupa 8 na inavumilia vifo viwili, diski zozote ziwazo.

Reidi 5 ndiyo inayowashangaza wateja, kwa sababu haina nakala ya pili ya kitu chochote. Inahifadhi hesabu. Kama diski moja ina 7 na nyingine ina 5, ya tatu inaandikiwa 12. Ile yenye 5 ikifa, seva inatoa 7 kwenye 12 na jibu linapatikana. Ndani ya seva hesabu yenyewe ni ya sifuri na moja, na majibu yanasambazwa kwenye diski zote, lakini wazo ni hilo. Sasa ondoa namba mbili kati ya hizo tatu uone kama kuna wa kukutafutia jibu.

Nimepokea seva za watu zilizouzwa kwa maneno "ina reidi, na nafasi unapata yote". Ukifungua moja unakuta reidi 0. Mteja alipoonyeshwa kwenye skrini kwamba diski zake mbili za terabaiti 2 zimekuwa 4, akafurahi kwamba hajapunjwa. Kwenye seva, mnunuzi anapaswa kushtuka asipopunjwa. Nafasi inayopungua ndiyo bei ya kinga. Isipopungua, kinga haipo.

Haya, tuseme umeuziwa sahihi, reidi 5, diski nne. Bado kuna mtego, na unatokana na jinsi mashine inavyohesabu. Kulikuwa na duka moja la jumla la vifaa vya umeme. Tajiri yuko Guangzhou kufuata mzigo, dukani wapo vijana, na diski moja imekufa. Kijana anampigia simu fundi wa waliowauzia seva. Fundi, akiwa ofisini kwake, anaingia kwa mbali, anaona ripoti inasema diski namba 2, anamwambia, "Chomoa ya pili, bodaboda anakuja na mpya." Kijana anainama chini ya kaunta, anahesabu kutoka kushoto, moja, mbili, anachomoa. Kumbe kadi inayosimamia diski huanza kuhesabu na sifuri. Nafasi ni 0, 1, 2 na 3. Namba 2 ni ya tatu. Kachomoa nzima. Sasa imekufa moja na imetoka moja, hesabu ya reidi 5 haina pa kuanzia, na programu ya mauzo inaganda wakati mawinga, wale madalali wa mtaani, wameshaleta wateja kaunta nzima.

Kijana, kwa hofu, akairudisha na kuwasha upya. Kadi ikaandika kwa Kiingereza kwamba imekuta diski "za kigeni". Maana yake si kwamba diski ni za mtu mwingine. Maana yake ni kwamba diski zimebeba maelezo ya mpangilio yasiyolingana na yale ambayo kadi yenyewe inayakumbuka, na inauliza iyapokee au iyafute. Mwenye duka gani anataka vitu vya kigeni kwenye seva yake? Kijana akachagua kufuta. Kilichofutwa hakikuwa data. Yalifutwa maelezo ya kwamba ipi ilikuwa ya kwanza, ipi ya pili, na vipande viligawanywa kwa ukubwa gani. Kwangu ilikuwa kazi ya kupanga upya vipande hivyo mpaka majina ya bidhaa yasomeke. Vitabu vilipatikana, lakini kwa muda wote huo duka liliuza kwa daftari, na bili yangu haikuwa ya soda.

Kijana yule simlaumu hata chembe. Siku seva ilipoletwa, hakuna aliyembandikia karatasi ya namba mbele ya kila diski. Stika nne zenye 0, 1, 2, 3 zinauzwa bei gani? Hakuna aliyemwambia kwamba akikutana na swali lolote la kufuta, mkono uwe mfukoni kwanza na simu iwe sikioni. Hata neno la kutajiana kwenye simu hawakuwa nalo. Fundi alisema "ya pili" akimaanisha jambo moja, kijana akaelewa jingine, na wote wawili kwa Kiswahili chao walikuwa sahihi.

Kuna taa pia. Seva nyingi diski ikifa huwasha taa ya njano kwenye diski husika, na nyingine hupiga mlio. Hapo reidi 5 inaendelea kufanya kazi, ila imepungukiwa: haina tena cha kufidia. Ndicho kipindi cha hatari kuliko vyote, na ndicho watu wanachokizoea haraka. Nimeshaona seva iliyobandikwa selotepu juu ya taa kwa sababu inamkera karani usiku. Nimeshaona iliyonyamazishwa mlio "maana wateja walikuwa wanauliza ni nini". Duka linauza, risiti za mashine ya kodi (EFD) zinatoka, nani ana habari? Miezi inapita. Diski ya pili inapokufa, mteja anasema seva imekufa ghafla. Haikufa ghafla, ilitoa taarifa, ikafunikwa selotepu.

Ukiiona taa mapema na kuleta diski mpya, bado shughuli ipo. Seva inasoma zile nzima zote tangu mwanzo hadi mwisho na kuijenga upya iliyokosekana. Kwa diski ya terabaiti 4 inayoandika megabaiti 150 kwa sekunde, hiyo ni kama saa saba na nusu endapo seva haifanyi kazi nyingine yoyote. Duka likiwa wazi na watu wanauza, hesabu mara mbili au tatu ya hapo. Muda wote huo diski zilizobaki zinakimbizwa kuliko siku yoyote ya maisha yao, na mara nyingi ni za toleo moja, zilinunuliwa siku moja, zimekula joto moja. Mwenzao akishakufa, nao wanakaribia. Ndiyo maana kwa diski kubwa nawashauri watu reidi 6 au pacha, na diski moja ya spea ikae humohumo ndani ya seva ili ujenzi uanze wenyewe hata usiku, mlango ukiwa na kufuli.

Mtumba nao una yake. Sina ugomvi na mtumba. Seva nzuri nyingi za Kariakoo zilianzia maisha ofisi za Ulaya. Lakini kila diski ina kumbukumbu ya saa ilizowahi kuwaka, na programu ya bure inaisoma. Miaka mitano bila kuzimwa ni saa 43,800. Muuzaji anayesema "imetumika kidogo" akuonyeshe hiyo namba kwenye skrini. Tazama pia betri ndogo ya kadi ya diski. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, betri hiyo ndiyo inayoshikilia kilichokuwa bado hakijafika kwenye diski. Ikiwa imechoka, na kwenye mtumba mara nyingi imechoka, basi siku kama ile ya Aprili 1, 2024, gridi ya taifa ilipozima, unabaki na kitabu ambacho nusu ya muamala imo na nusu haimo.

Hayo yote ni ndani ya sanduku. Sasa tutoke nje ya sanduku, maana Kariakoo imeshatufundisha kwa gharama kubwa. Usiku wa Julai 10, 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliwaka moto, lile jengo la mbunifu Beda Amuli ambalo Mwalimu Nyerere alilifungua mwaka 1975. Miezi minne kamili kabla yake, Machi 10, 2021, moto ulikuwa umeteketeza jengo la seva la kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa. Kule Ufaransa kulikuwa na wahandisi, mitambo na mikataba, na bado wapo wateja waliopoteza kila kitu kwa sababu nakala zao zilikuwa palepale palipoungua. Moto hauulizi una reidi ngapi.

Kisha Novemba 16, 2024 likaporomoka jengo la ghorofa Kariakoo, na zaidi ya watu 20 wakafariki. Mbele ya msiba ule, data si kitu, na sitaki nionekane naulinganisha. Ila waliopona walikuwa na madeni ya kulipa na ya kudai, mzigo wa watu, na serikali ya kujibu. Ukipoteza fremu na vitabu kwa pamoja, huwezi hata kuthibitisha ulichopoteza. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka isiyopungua mitano. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaja Mnazi Mmoja kuwasikiliza, na malalamiko mengi yalihusu makadirio ya kodi na mizigo ya stoo. Kwenye mabishano kama hayo mwenye vitabu anazungumza. Asiye navyo anakadiriwa.

Kwa hiyo nakala iwe wapi? Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh aliwapa wenzake kanuni ambayo mafundi wa dunia nzima wameichukua: nakala tatu za kila kitu muhimu, katika vifaa vya aina mbili, na moja kati yake iwe nje ya jengo. Kwa duka la Kariakoo hiyo ina maana seva yenyewe, diski ya nje inayochomekwa jioni na kuchomolewa, na nyingine inayokaa nyumbani kwa tajiri, zikibadilishana kila wiki. Diski ya nje inayoachwa imechomekwa moja kwa moja, kirusi kikija kinaifunga nayo. Inayowekwa kwenye droo ya kaunta ileile, mwizi anaipata bila kuinama mara mbili.

Najua kuna watakaosema, dada, hayo ni ya zamani, siku hizi kila kitu kiko mtandaoni. Sipingi. Weka mtandaoni pia, tena kwa duka la kawaida vitabu vyenyewe si vizito. Kinachojaza seva ni picha za kamera na filamu za vijana. Lakini fanya hesabu. Gigabaiti 500 kwa intaneti inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde zinachukua zaidi ya siku nne na nusu, mchana na usiku, na kuzishusha siku ya shida si dakika. Na Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, nchi nzima iliona intaneti ikilegea. Aliyekuwa na nakala mezani aliendelea kuuza. Mtandao uwe mmoja wa miguu mitatu; usiwe wote.

Na nakala ijaribiwe. Januari 31, 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta folda ya data kwenye seva ambayo siyo aliyoikusudia. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi na kurudisha data. Walipozikimbilia, hakuna iliyofanya kazi inavyotakiwa. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi huyo alikuwa ameichukua kwa mkono takriban saa sita kabla. Kama hayo yanawapata watu ambao kazi yao ni kutunza data za wengine, wewe mwenye vitenge usiridhike na tiki ya kijani. Mwambie fundi akurudishie faili moja ya mwezi uliopita mbele ya macho yako, uifungue, uone jina la mteja wako na deni lake.

Jambo moja zaidi ambalo wauzaji hawalitaji kabisa. Diski iliyokufa ikibadilishwa, ile mbovu nani anaondoka nayo? Mara nyingi fundi huitia kwenye begi, na baadaye inauzwa kwa kilo au kwa wanaotafuta vipuri. Diski iliyotoka kwenye reidi 5 ina vipande tu. Diski iliyotoka kwenye pacha ina kila kitu, kuanzia bei unazonunulia China hadi namba za simu za wateja, na nyingi zinazoitwa zimekufa mimi nazisoma. Tangu Mei 1, 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika. Taarifa za wateja zilizomo ni dhamana yako, hata diski ikiwa imeshatoka mlangoni. Idai ibaki kwako, itobolewe kwa drili mbele yako.

Mtaniuliza nataka nani afanye nini. Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo, na hakuna aliyekufa kwa kuandika barua kwenye programu inayozungumza lugha yake. Lakini kadi za diski haziko kwenye mipango ya mtu yeyote, wala sisubiri kiwanda cha Marekani kitutafsirie. Ninachotaka ni karatasi moja. Kila anayeuza seva Kariakoo aikabidhi pamoja na risiti, kwa Kiswahili cha kawaida: diski ziko ngapi na zimepangwaje, ngapi zikifa bado unauza, namba ya kila nafasi, kuanzia sifuri, na stika zake zimebandikwa, taa ya njano ikiwaka umpigie nani, swali la kufuta likitokea usijibu, na mwisho, nakala iliyo nje ya jengo hili iko wapi na ilijaribiwa lini. Wafanyabiashara wa Kariakoo walishaonyesha Mei 2023 kwamba wakisimama wanasikilizwa. Jumuiya yao iwadai wauzaji karatasi hiyo kwa niaba ya wanachama wake. Haihitaji bunge.

Mpaka hapo, tajiri, silaha unayo mdomoni. Kabla hujahesabu noti, muulize muuzaji: "Jengo hili likiwaka usiku wa leo, kesho asubuhi nafungulia biashara vitabu vipi, na viko wapi?" Akikunyooshea kidole seva iliyo mbele yenu, rudisha pesa mfukoni uende fremu ya jirani.